Kozi Niliyoandika kwa Penseli

Mwalimu aliyetushauri mambo ya kozi alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka ikawa kama sala ya kabla ya githeri: penseli kwanza, wino baadaye. Kila mtu wa kidato cha sita alipewa fomu moja ya chuo kikuu. Moja. Ukiimwagia chai, ukiikalia, ukiandika udaktari halafu ukumbuke hujawahi hata kuchinja kuku, shauri yako. Kwa hivyo tuliandika kwa penseli, tukapewa ruhusa twende nyumbani kuanzia Ijumaa, mzazi aone, chifu apige muhuri, ndipo tupitishe wino na kuirudisha fomu Jumatatu kabla ya saa kumi.

Mimi niliandika sayansi ya siasa.

Huo haukuwa mzaha. Mimi ni mtu wa mzaha, sikatai. Nimewahi kufagia bweni wiki mbili kwa kumwiga naibu wa mwalimu mkuu akiombea maharagwe yenye wadudu. Lakini kozi nilikuwa nimeipanga kwa akili timamu. Kwenye jalada la nyuma la daftari langu la historia nilichora jedwali: mwaka wa kwanza siasa, historia na uchumi, mwaka wa pili niangushe uchumi kabla haujaniangusha, mwaka wa tatu siasa peke yake. Mwalimu wetu wa historia aliliona siku moja akisahihisha madaftari, akachora mstari chini ya neno uchumi.

"Usiuache," akaniambia. "Mtu wa siasa asiyejua uchumi ni mchungaji asiyejua nyasi."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kungojea nichekeshe. Akaniazima kitabu cha maelezo ya kozi, kimepungua kurasa, nikanakili yote yaliyobaki.

Halafu akachukuliwa.

Ilikuwa asubuhi, kipindi cha tatu. Wanaume wawili wenye makoti mazuri walisimama mlangoni, wanatabasamu kama wageni wa arusi. Mwalimu aliweka chaki chini, akajipangusa mikono, akatuambia, "Someni ukurasa unaofuata." Tukasoma ukurasa huo mpaka kengele ikalia. Sijawahi kusoma ukurasa kwa bidii hivyo, na siwezi kukuambia ulisema nini.

Hakurudi. Hakuna aliyeuliza. Kwenye karatasi ya zamu za walimu ubaoni, jina lake lilikatwa kwa wembe, vizuri kabisa, pakabaki tundu kama dirisha. Mwalimu mpya alipokuja aliiruka ile mada ya serikali yetu, akaturudisha Ulaya ya zamani, mahali ambapo wafalme wote wameshakufa na hawawezi kuudhika.

Tangu hapo nikawa naogopa vitu vya ajabu. Makoti mazuri, kwanza. Na watu wanaotabasamu mlangoni. Wenzangu walijua kozi niliyochagua, wakanifanya burudani yao.

"Wee, ukichukuliwa, blanketi ni yangu," alisema jamaa wa kitanda cha juu.

"Na viatu?"

"Viatu utaenda nazo. Ati utatembea miguu tupu kwa Land Rover ya serikali?"

Nilicheka kuliko wote. Mtu akiogopa na ana sifa ya kuchekesha, hana njia nyingine.

Ndivyo nilivyoandika ile sentensi. Chini ya jina la kozi, fomu ilikuwa na mistari miwili: eleza kwa ufupi kwa nini umeichagua. Ilikuwa Alhamisi baada ya masomo, jamaa wamezunguka kitanda changu, wananingojea. Nikaandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba nataka kujua viongozi wetu tuliwanunua duka gani, na kama risiti bado iko.

Walicheka mpaka mmoja akaanguka. Nikasema nitafuta. Kifutio kilikuwa cha jamaa wa kitanda cha juu, na alikuwa ameshafunga sanduku lake, na kufuli lake lilihitaji msumari na maombi. Basi nikasema nitafuta nyumbani. Soli ya ndara mpya hufuta penseli vizuri kuliko kifutio cha dukani, na dada yangu alikuwa na ndara mpya.

Kwetu ni chini ya mji wa Nyeri, kwenye mgongo wa kilima wenye kahawa huku na huku. Julai ya kule huijui kama hujaamka humo: ukungu unakaa mpaka saa sita, mlima hauonekani wiki nzima, na ng'ombe anatoa moshi puani kama gari bovu. Nilimkuta baba amekaa karibu na meko. Yeye hupima kahawa kwenye kiwanda cha ushirika, na husoma Biblia ya Kikuyu, lakini Kiingereza hapana. Nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini nitayaandika maneno ya watu wa kwetu kwa Kiswahili chetu cha huku. Mwalimu wa Kiswahili akikunja uso, akunje.

"Baba," aliniuliza, "hii karatasi inasema nini?"

Huniita baba kwa sababu nina jina la baba yake, kama kawaida ya kwetu kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Akikasirika huniita wewe.

"Inasema nitasomea mambo ya serikali."

"Ya serikali ama ya siasa?"

"Ni kitu moja."

"Si kitu moja. Ya serikali ni mshahara. Ya siasa ni Land Rover."

Akasimama, akafunga mlango. Ilikuwa mchana, na nje kulikuwa na kuku tu.

"Yule mwalimu yenu alikuwa wa hii?"

"Alikuwa wa historia."

"Ona sasa. Walimchukua na historia tu. Na wewe unataka kwenda pale kwenyewe." Akaikunja fomu taratibu kama kitu cha moto. "Andika ualimu, baba. Ualimu iko na nyumba, iko na likizo, na hakuna mtu anakuja kukuuliza unafikiria nini."

Nilimwambia nitafikiri. Dada alikuwa kwa shangazi, na ndara zake alikwenda nazo. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima.

Jumamosi nilikwenda kukata nyasi za ng'ombe mtoni. Niliporudi na mzigo kichwani, fomu haikuwa mezani. Mama alikuwa anachambua maharagwe.

"Maitu, karatasi yangu iko wapi?"

"Nimepeleka kwa mzee wa kanisa. Zote zimepelekwa. Ulitaka yako tu ndiyo isiombewe?"

Nikaketi juu ya nyasi.

Nilikuwa nimesahau. Kanisani kwetu, mwaka wowote ambao kuna watoto wa kidato cha sita, fomu zao hukusanywa na kusomwa mbele ya watu wote, moja moja, ili kila kozi iombewe kwa jina lake. Wanasema maombi ya jumla hupotea njiani. Na msomaji ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye furaha yake kubwa duniani ni kutafsiri Kiingereza watu wakimtazama.

"Lakini haijaisha," nikamwambia mama. "Ni ya penseli."

"Mungu anasoma hata penseli."

Hilo ndilo lililonitisha. Nilikimbia mpaka kwa yule mzee, matope mpaka magotini. Mke wake akaniambia amekwenda Karatina kutafuta miche ya kabeji, atarudi jioni, na fomu ziko kwenye mkoba.

"Na mkoba?"

"Mkoba ameenda nayo. Huyo hata choo anaenda nayo."

Jioni nilirudi. Alikuwa amelala, mafua. Mke wake alikataa kumwamsha kwa sababu ya karatasi ambayo, alisema, ataniletea kesho mbele ya Mungu ikiwa imebarikiwa. Ningesema nini? Mama, kuna mzaha wa kufungwa jela ndani ya mkoba wa bwana yako? Nikamshukuru, nikaenda.

Jumapili nilivaa sare ya shule, nikaketi na wenzangu wawili kwenye benchi la pembeni. Tulikuwa watatu tu mwaka huo: binti wa fundi cherehani, kijana mmoja kutoka upande wa mto, na mimi. Benchi la kwanza, mahali pake pa siku zote, alikaa chifu. Hakuwa amevaa khaki, alikuwa na suti, lakini fimbo yake alikuwa nayo, imeegemea goti, na askari wake alikuwa nje ya mlango akitafuna muwa.

Mzee alisoma fomu ya binti. Uuguzi. Akasoma na sababu: anapenda kusaidia wagonjwa. Kina mama wa chama cha kanisa, wenye vitambaa vyeupe kichwani, wakapiga vigelegele. Akasoma ya kijana. Ukulima. Sababu: kuinua zao la mkoa wetu. Hapo hata wazee waliopiga usingizi waliamka wakasema amina.

Kisha akachukua yangu. Nilimwomba Mungu miwani yake ivunjike. Niliomba mafua yamzidi. Niliomba, na sioni aibu kusema, mtu mmoja mzee azimie kidogo tu, asife.

"Sayansi ya siasa," akasoma.

Hakuna aliyesema amina. Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza, sijui mama yake alimfanya nini. Na mzee, kwa sababu alikuwa amesoma sababu za wale wengine, na ni mtu wa haki, akasoma na yangu. Kwanza Kiingereza, kwa sauti ya darasani. Halafu akainua uso, akatafsiri. Akatafsiri vizuri. Duka lilikuwemo, na risiti ilikuwemo.

Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka. Kicheko kilitoka nusu kikakatika. Nikaona mzee akimeza mate, kwa maana ndipo alipoelewa kilichotoka kinywani mwake mwenyewe.

"Tuombe," akasema, akaomba macho wazi. "Mungu awalinde watoto wetu na… na barabara. Amina."

Baada ya ibada huwa kuna mnada wa sadaka za shambani. Mayai ya mama, ambayo siku zote hugombaniwa, hayakupata mtu. Watu walikuwa na haraka. Walitusalimu kwa mbali, kwa kichwa, kama tuna surua. Chifu ndiye peke yake aliyetusogelea. Fomu yangu ilikuwa mkononi mwake, amepewa na mzee bila kuombwa.

"Kesho saa mbili," akamwambia baba. "Kuja na huyu. Karatasi nitakaa nayo."

Nilingoja kiboko. Njia nzima nilingoja. Nilikuwa hata nimechagua suruali nene ya kuvaa. Baba hakunigusa, wala hakuniita wewe. Alifika nyumbani, akachemsha maji, akanyoa ndevu mchana huo wa Jumapili, jambo ambalo hafanyi. Kisha akamwonyesha mama mahali stakabadhi za shamba zilipo, na akamwambia ng'ombe akishikwa na homa amwite nani. Alisema kwa sauti ya kawaida tu. Mama aliitikia, ee, ee, na mikono yake ikaendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeisha maganda.

Nikaenda nyuma ya zizi, nikakaa huko mpaka giza.

Asubuhi tuliondoka na ukungu. Ofisi ya chifu ni nyumba ya mabati yenye bendera mbele, na tulikuta watu wengi kwenye foleni, wa kesi za mipaka na za mbuzi. Walitupisha. Hakuna kitu kibaya kama kupishwa kwenye foleni ya chifu. Askari, mtu wa magharibi mwa nchi mwenye Kiswahili kizuri kuliko sisi sote, alinitazama kuanzia viatu.

"Ndiwe mteja? Unayetafuta risiti?"

Siku nyingine ningemjibu. Nilikuwa na majibu matatu, nayakumbuka hata sasa.

Ndani kulikuwa na meza, viti viwili, na ukutani ile picha ambayo kila duka linayo. Chifu alikuwa amerudi kwenye khaki yake. Fomu ilikuwa mbele yake, na kando yake daftari jeusi. Hakutuambia tukae.

"Soma."

Nikasoma.

"Kwa lugha ya mama yako."

Nikatafsiri. Mzaha ukitafsiriwa mara ya pili, mbele ya mtu asiyecheka, unasikia kila mfupa wake.

"Nani alikufundisha haya maneno?"

Hilo swali nilikuwa nimelingoja tangu Jumapili. Nikimtaja mwalimu wa historia, ambaye hakujua lolote kuhusu risiti, neno hilo litaongezwa juu yake huko aliko. Nikiwataja jamaa wa bwenini, kila mmoja ana mama. Nikisema ni mimi…

"Ni mimi," nikasema. "Ilikuwa mzaha."

"Mtoto hajifundishi." Akachukua kalamu, akafungua lile daftari. "Nakuuliza mara ya pili. Nani?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu bwenini: jina la mwalimu lilikuwa limefika ulimini. Lilikuwa hapa. Nilikuwa nafungua mdomo.

"Ni mimi nilimfundisha," alisema baba.

Chifu akainua macho. "Nani?"

"Mimi. Hayo ni maneno yangu. Yeye aliandika tu."

Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, mbele ya tumbo, na ukingo wake alikuwa ameukunja kabisa. Sauti ilikuwa ya kawaida.

"Wewe?" Chifu akaegemea nyuma. "Wewe nimekuwa na wewe kwa mikutano ya kahawa miaka yote hii. Wezi wamechaguliwa mbele yako, ukanyamaza. Siku ile waliuliza nani anataka chai, hata hukuinua mkono."

"Nyumbani huwa naongea."

Mimi ninaishi nyumba hiyo. Baba nyumbani huongea na ng'ombe. Chifu alijua, na baba alijua chifu anajua. Walitazamana hivyo, watu wawili waliozaliwa kilima kimoja. Nje mtu alikuwa anabishana na askari kuhusu mbuzi.

Mwishowe chifu aliandika kitu kwenye daftari. Mstari mmoja, labda miwili. Mkono wake ulifunika. Akalifunga.

"Sikiza, mzee," akamwambia baba, na sauti ilikuwa imeshuka, kama anaogopa ile picha itasikia. "Hii karatasi inaenda Nairobi na muhuri yangu. Wakiona hayo maneno hawataanza kuuliza kijana ni wa nani. Wataanza kuuliza muhuri ni ya nani."

Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa. Mpaka dakika hiyo nilikuwa namwogopa chifu. Sasa nikaona jasho juu ya mdomo wake, Julai, Nyeri. Kama mtu mwenye askari mlangoni anaogopa hivi, basi kile anachokiogopa kina ukubwa gani? Na kikoje, kinaanzia wapi, nani amekilisha? Ukiniuliza, hiyo ndiyo kozi niliyokuwa nataka kusoma. Lakini sikuwa nafikiri kozi. Nilikuwa natazama kofia ya baba.

Chifu alinisukumia penseli yenye kifutio kilichotafunwa mwishoni. Nikafuta. Nilifuta duka, nikafuta risiti, nikapuliza, nikafuta tena mpaka karatasi ikawa nyembamba pale. Akaniambia niandike nataka kulitumikia taifa kwa uaminifu. Nikaandika. Akanipa kalamu ya wino, nipitishe juu, aone kwa macho yake.

"Na hapo juu kwa kozi? Ni ualimu?"

Penseli ya sayansi ya siasa ilikuwa bado inasomeka, na kifutio kilikuwa bado mkononi mwangu. Hiyo ndiyo ingekuwa nafasi. Ualimu ni neno moja tu. Nikamtazama baba anisaidie kuogopa, aniambie kama Ijumaa, nyumba, likizo. Nilitaka sana aseme.

"Baba," aliniambia, "andika ile ulipanga. Kujibu, mimi nimeshajibu."

Nikaandika. Kozi yangu kwenye fomu inaonekana kama imeandikwa na mtu wa miaka themanini, safarini. Chifu alipiga muhuri bila kutazama.

Njiani baba alitangulia. Tulipofika mahali njia ya kiwanda inapoachana na ya barabara kuu, alivaa kofia yake, akaniuliza kama nina nauli ya kunifikisha shuleni. Nikamwambia ninayo. Nilitaka kusema jambo lingine na nikaanza, akanikatiza.

"Huko ukienda," akasema, "andika kidogo."

Fomu niliirudisha saa nane. Jamaa wa bwenini waliniuliza kama risiti imepatikana, nikawaambia duka lilifungwa, wakacheka, nami nikacheka kama kawaida yangu. Sijawaeleza mengine. Huu ni muhula wa tatu sasa. Sijui kama nitaitwa chuo kikuu, na sijui chifu aliandika nini kwenye lile daftari, wala kama liko bado ofisini kwake au limeshasafiri. Ninachojua ni kwamba kama kuna jina humo, si langu, ni la baba.

Mama huniandikia kila baada ya wiki mbili, kwa mkono wa dada. Anaanza na Bwana asifiwe, halafu mvua, halafu ng'ombe, halafu nani ameolewa, na salamu za baba huja mwisho kabisa. Kwa hivyo barua ikifika naifungua kutoka chini. Mpaka sasa salamu zimekuwepo.